Shemeji wa Wagonjwa Elfu Tatu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtumishi aliyedumu kuliko sisi sote katika Dawati la Matibabu ya Nje ya Nchi atarudisha ufunguo wa chumba namba kumi na nne na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe iliniagiza niandike ukurasa mmoja wa wasifu wake kwa ajili ya programu hii. Nimeshindwa. Anayeona habari ni ndefu aanze na ratiba ya chakula iliyo ukurasa wa nyuma, akishiba atatukuta bado tunaendelea.

Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa na Mkurugenzi. Humu nitamwita Shemeji, maana hakuna mtu katika jengo hili, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti wa Bodi ya Madaktari, anayemwita vinginevyo. Mkurugenzi wetu alipohamia hapa alijaribu wiki nzima kumwita kwa jina la kwenye barua. Kila alipoagiza aitwe, watu walitazamana, mmoja akasema huenda huyo yuko idara ya usafirishaji. Wiki ya pili Mkurugenzi akasalimu amri.

Aliajiriwa akiwa tarishi wa masjala, kijana wa miaka ishirini na tisa, kazi yake kupandisha na kushusha mafaili kwenye ngazi za ghorofa tatu. Mwaka haukuisha akahamishiwa dawati letu. Kwa wageni waalikwa, kazi ya dawati hili ni moja tu: mwanachama wa Mfuko wetu wa bima ya afya akipatwa na ugonjwa ambao hospitali zetu haziuwezi, sisi ndio tunaomwandalia safari ya kwenda kutibiwa nje. Tunaiandikia hospitali ya huko barua ya dhamana kwamba Mfuko utagharamia, kisha tunamfuatilia mgonjwa mpaka arudi.

Mwezi wake wa kwanza alikuta familia ya baba mmoja mgonjwa wa moyo imekaa kwenye benchi la koridoni siku ya tatu, haina habari yoyote. Hospitali ya huko ilikuwa inajibu kila anayepiga simu kuwa habari za mgonjwa hupewa ndugu peke yao. Yule tarishi wa juzi akanyanyua simu, akasema yeye ni shemeji wa mgonjwa, akapewa kila kitu: kidonda kinaendeleaje, mzee amekula nini, amemuulizia nani. Benchi zima likainuka. Tangu siku hiyo akawa shemeji wa kila mgonjwa tuliyempeleka. Kabla ya mwaka kwisha, mhudumu wa simu wa hospitali ile alimuuliza kwa adabu kubwa kama anaweza kujua bwana huyu ameoa wake wangapi. Shemeji akamjibu kwamba ukoo wao ni mkubwa. Mkewe wa kweli, ambaye ni mkunga na ni mmoja tu, yuko nasi leo na ameomba jambo hilo liandikwe wazi.

Baadaye alitunga yeye mwenyewe fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa huisaini ili ofisi yetu ipewe habari zake kihalali. Fomu hiyo tunaitumia mpaka leo. Lakini ushemeji haukumtoka, na nadhani hakutaka umtoke.

Mgeni akiingia chumba namba kumi na nne hushangaa kukuta viti vya chuma vimepangwa safu mbili, vikitazama kabati la mafaili, na katikati pana kijia cha kupita mtu mmoja kwa ubavu. Hiyo ndiyo ndege. Shemeji aliitengeneza mwaka wake wa pili, baada ya bibi mmoja mgonjwa wa koo kufika mlangoni pa ndege ya kweli akakataa katakata kuingia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mlango ule hufungwa. Tangu hapo hakuna aliyeondoka bila mazoezi. Mgonjwa hukaa dirishani, yaani ubavuni mwa kabati. Msindikizaji hukaa pembeni yake. Wote wawili hufungwa mkanda uliotokana na begi kuukuu, na Shemeji hupita na sinia akiwauliza kama wanatumia chai au maji. Hapo ndipo hufundishwa kwamba faili la hospitali na picha za eksirei haviwekwi chini, havipewi mtu, wala havitenganishwi na mwili mpaka vifike mkononi mwa daktari. Nimewaona wazee wenye vyeo vikubwa wakikalishwa kwenye viti vile, wakitii kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Ili watu waijue pasipoti kabla ya kukabidhiwa zao, Shemeji alijipatia ya kwake. Kila muda wake ulipokwisha aliomba nyingine. Haikuwa na muhuri hata mmoja. Ilikuwa pasipoti ya kufundishia, na ilikaa kwenye droo pamoja na kalamu na stepla. Kwa maana Shemeji mwenyewe, aliyeandaa safari za nusu ya ulimwengu, hakuwahi kupanda ndege. Hakulificha jambo hilo. Hakuna tu aliyemuuliza.

Kumbukumbu yake inatisha. Nimetembea naye barabarani mchana, akamsimamisha mtu asiyeonekana kuwa na neno lolote, akamwambia kuwa tangu afanyiwe upasuaji wa jicho ni miaka saba sasa, na kwamba mwezi uliopita alipaswa kwenda kupimwa presha ya jicho. Mtu yule alibaki mdomo wazi. Mimi pia.

Na wapo wasiorudi kwa miguu yao. Kwa hao Shemeji huvaa suti yake nyeusi na kwenda mwenyewe kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Karatasi za huko huandika neno mzigo, na kwa miaka mingi alikuwa akimwomba karani afute neno hilo aandike jina la mtu, na karani alikuwa akigoma. Kuna mwaka karani aligoma mara tatu kwa siku moja, Shemeji akavuta kiti akakaa mbele ya dirisha lake kimya mpaka jioni. Siku hizi wanaandika jina bila kuombwa. Hakuna tuzo kwa kazi hiyo na hakuna aliyewahi kumpangia.

Sasa nifike kwenye habari ninayotaka hasa kuiandika, na ndani yake aliyekosea ni mimi.

Ni miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa na miezi minne kazini. Bodi ilikuwa imeruhusu kwa mara ya kwanza mgonjwa wetu apelekwe nje kupandikizwa figo. Mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, figo zake zote mbili zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mishipa ya kuunganishia mashine ilikuwa inaziba mmoja baada ya mwingine. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alipimwa akaonekana figo yake inamfaa dada mtu. Wote tulifurahi. Nikapewa Fomu Namba Saba niijaze.

Fomu ile ilikuwa na visanduku viwili: mgonjwa, na msindikizaji. Kanuni inaruhusu mgonjwa na msindikizaji mmoja. Mimi nilikuwa na watu wawili na visanduku viwili, hesabu ikakubali. Mwalimu nikamwandika kwenye cha kwanza, Fundi nikamwandika kwenye cha pili, na nakumbuka nilivyousifu mwandiko wangu. Siku hiyo Shemeji alikuwa akimkimbiza mgonjwa mwingine uwanja wa ndege. Alirudi jioni akiwa hoi, akasaini kwa kuniamini. Wale dada wawili wakakaa kwenye ndege yetu ya viti vya chuma, wakacheka hadi Mwalimu akaomba mkanda ulegezwe, na Jumapili wakaondoka.

Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, ikaja barua pepe kutoka hospitali ya huko. Ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: mdogo mtu atapasuliwa siku moja na dada yake, atalazwa kama yeye, na barua yenu ya dhamana inamtaja kuwa msindikizaji, ambaye haki yake ni kitanda cha mgeni na chakula. Akivuja damu au kidonda kikiharibika, nani anamgharamia? La pili: kwa taratibu zetu wapandikizwaji lazima wawe na mtu mzima wa afya kando yao. Hawa wote wawili watakuwa wamelala. Msindikizaji wao ni nani? Chumba cha upasuaji kilikuwa kimetengwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Majibu yasipofika hadi Jumatatu adhuhuri, nafasi ingepewa mtu mwingine, na nafasi ya karibu baada ya hapo ilikuwa wiki saba mbele. Chini kabisa daktari wa Mwalimu alikuwa ameongeza mstari wake mmoja kwamba mshipa wanaoutumia sasa ndio wa mwisho, na hawezi kuahidi kuwa utafika wiki saba.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi. Nilikuwa nimemtuma mtu akakatwe mwili akiwa kwenye kisanduku cha msindikizaji. Nilimpelekea Shemeji karatasi ile nikaanza kulia kabla hajaimaliza. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimekunywa chai. Kisha akaifungua Fomu Namba Saba, akaweka kidole kwenye saini yake, akasema saini ni yake na kwa hiyo kosa ni lake, na asisikie mtu akisema vingine kwa sababu hatuna muda wa kugombania kosa. Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu zote. Nilinyamaza miaka kumi na moja. Leo nimeandika.

Ijumaa Bodi ilikutana kwa dharura. Kwa kawaida Shemeji huingiza mafaili na kusimama mlangoni, na siku hiyo nilisimama naye nikiwa nimebeba fungu la pili. Kanuni ilisomwa: mgonjwa ni mwanachama mwenye maradhi yasiyotibika nchini. Fundi hakuwa na maradhi. Vipimo vya huko vilikuwa vimethibitisha kwamba ni mzima kuanzia utosini hadi unyayoni, na uzima wake ndio ulikuwa tatizo. Daktari mmoja wa Bodi, mtu mwema, alisema kwa masikitiko kwamba sheria haina nafasi ya kumgharamia mtu mzima wa afya. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaona Mwalimu amekwisha.

Shemeji akaomba kusema neno. Kwa miaka ishirini hakuwahi. Aliongea akitazama viatu vyake. Alisema Mfuko unalipia uzi anaoshonewa mgonjwa, na unalipia damu iliyotoka mkononi mwa mtu asiyejulikana, na hakuna siku Bodi iliuliza kama uzi unaumwa. Huyu binti, alisema, ndiye dawa yenyewe. Dawa ikiwa na jina na mdomo na mama yake nyumbani si kosa lake, na haifai kwa sababu hiyo itunzwe vibaya kuliko chupa. Akaomba radhi kwa kuchukua muda wa wakubwa, akarudi mlangoni.

Mwenyekiti, daktari bingwa wa upasuaji ambaye wengi wetu tunamwogopa hadi leo, alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Halafu akaandika uamuzi kwa mkono wake mwenyewe: mchangiaji wa kiungo atahudumiwa na Mfuko sawasawa na mgonjwa, huko na huku, tangu siku anapokatwa hadi daktari atakapomwacha. Nimeupiga chapa uamuzi huo mara nyingi mno tangu wakati ule na sasa naujua kwa moyo.

Likabaki swali la pili. Kwa kuwa Fundi sasa alihesabiwa kama mgonjwa, kiti cha msindikizaji kilikuwa wazi, ila hakukuwa na mtu wa kukikalia. Mama yao alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Mume wa Mwalimu, makanika wa malori, hakuwa na pasipoti, na ya kuomba ingechukua wiki mbili na zaidi. Alifika ofisini na ovaroli yake, akakaa kwenye ile ndege yetu bila kuambiwa, akajishika kichwa. Shemeji alifungua droo amwonyeshe pasipoti ya mfano ili ajue anachokwenda kuomba. Akaitoa, akaifungua, akatazama tarehe ya mwisho, akatazama kurasa nyeupe zisizo na kitu. Hakumpa. Alivuta karatasi akaanza kuandika maombi ya likizo.

Jumatatu asubuhi ubalozi wa huko, ambao ulimfahamu Shemeji kwa sauti tu kwa miaka mingi, ulimwona sura kwa mara ya kwanza ukampa viza papo hapo. Saa tano na nusu tuliijibu hospitali. Jumanne akapanda ndege.

Hapa lazima nisimulie kidogo kuhusu ndege, na mwenyewe ameruhusu, kwa shingo upande. Katika mafunzo yake Shemeji alikuwa akiwaambia wagonjwa kwamba wakizidiwa na joto waombe dirisha lifunguliwe kidogo. Alikuwa akiwaambia pia kwamba kiti hakilazwi nyuma bila ruhusa ya rubani. Sasa akawa yeye amekaa dirishani, pembeni yake mzee anatokwa jasho, na Shemeji kwa upole akamwita mhudumu akaomba dirisha lifunguliwe kidogo kwa ajili ya mzee. Waliokaa karibu walicheka mpaka wakafutana machozi. Aliporudi alihesabu kwamba amewafundisha watu jambo hilo kwa karibu miaka ishirini, mamia kwa mamia wamekwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyemsahihisha. Tukawauliza baadhi yao. Mmoja alisema asingeweza kumkosea adabu mtu aliyemhangaikia vile. Mwingine alisema alidhani huduma hiyo ni ya daraja la kwanza.

Alhamisi ya upasuaji hapakufanyika kazi ghorofa ya tatu. Wahasibu walikuja kuuliza vitu visivyokuwepo ilimradi wakae karibu na simu. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi alikuja, mlinzi wa getini akaja na redio yake, mume wa Mwalimu alikuwepo tangu alfajiri. Saa kumi na dakika tano simu ikalia, nikainyanyua mimi, na nikasikia sauti ya Shemeji ikipasuka kwa neno moja: amekojoa. Kwa asiyejua, figo iliyohamishwa ikikubali mwili mpya, dalili yake ya kwanza ni hiyo. Kiungo cha mwanamke mmoja kilikuwa kimeanza kufanya kazi ndani ya mwanamke mwingine kabla jua halijazama. Nikalipaza lile neno. Watu wazima waliovaa tai walipiga makofi, wakapiga vigelegele, makanika akakaa sakafuni. Sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa namna ile, na sitaraji kuona tena furaha ya ukubwa ule ofisini.

Shemeji alikaa huko wiki tatu kati ya milango miwili. Asubuhi alimtembeza Fundi koridoni, mchana alimtembeza Mwalimu, na wiki ya mwisho aliwatembeza wote, mmoja kila mkono. Aliwasomea barua za wanafunzi wa Mwalimu. Wauguzi wa zamu zote walikuja kumtazama yule mtu wa kwenye simu. Likizo yake ya mwaka iliishia hapo, na aliporudi Jumatatu alikuwa mezani kabla ya wote.

Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba hiyo ndiyo habari nzima. Wiki tatu zilizopita, nikikusanya salamu za programu hii, nilimpigia simu Fundi. Sasa ana duka lake na mafundi wanne, na afya yake ni njema. Nilimwomba sentensi mbili za salamu. Akaniuliza kama Shemeji amewahi kuniambia yaliyotokea Jumatano, siku moja kabla ya upasuaji. Nikasema hapana. Akasema alijua, na kwamba sasa niandike.

Jumatano ile alasiri Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la bustani ya hospitali, na Shemeji alikuwa amefika saa chache tu zilizopita. Fundi alikuwa anatetemeka. Tangu majibu ya vipimo yatoke, hakuna mtu aliyemuuliza kama anataka kutoa figo yake. Mama alishambariki, shemeji yake makanika alishampigia magoti, ukoo mzima ulishamshukuru kabla hajajibu. Hata kwenye fomu yetu alikuwa msindikizaji, na msindikizaji haulizwi kitu. Akamwambia Shemeji kwamba anaogopa kufa na kuwaacha wanawe, na kwamba anaona aibu kuogopa.

Shemeji hakumpa moyo. Alimuuliza kama angependa kurudi nyumbani. Fundi akasema, na dada yangu je? Shemeji akajibu kwamba dada ni kazi yake yeye na ya madaktari, hapo anamuuliza Fundi habari za Fundi. Akamweleza kuwa akikataa, yeye ataandika kwamba faili lilikuwa na kasoro. Kila mtu nyumbani alishaamini kwamba Shemeji ndiye aliyeharibu fomu, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kusikia ameiharibu zaidi. Ukoo hautajua kamwe, na yeye ataanza saa ileile kumtafutia Mwalimu njia nyingine. Kisha akatoa karatasi na kalamu mfukoni, akaiandika barua hiyo pale pale kwenye goti, akamwachia nafasi ya kusema itumwe au isitumwe. Akanyamaza.

Nimelifikiria benchi hilo kila siku tangu niliposimuliwa. Mtu huyu alikuwa amepigana na kanuni, amesimama mbele ya Bodi, amepanda ndege asiyoijua, na ndani mle kulikuwa na mama wa watoto watatu anayeishi kwa mshipa wa mwisho. Alimpenda yule mwalimu, alitaka apone kuliko alivyowahi kutaka lolote kazini. Na bado alikiweka chote hicho kwenye mikono ya mshona nguo mmoja aliyekuwa akitetemeka, akasubiri. Mimi nisingeweza. Ningemwambia usiogope, mdogo wangu, Mungu yupo, na ningemsukuma taratibu kuelekea mlangoni, na ningeita huo upendo.

Fundi anasema walikaa hivyo muda mrefu, na Shemeji hakukohoa wala hakutazama saa. Mwisho Fundi akamwambia aichane barua. Aliingia Alhamisi kwa miguu yake. Anasema alijua kabisa kwamba barua ile ingetumwa kweli, na ndiyo maana aliweza kuingia. Mwaka wa tano alimweleza dada yake. Mwalimu alimkumbatia, akamwambia angelijua, angemuuliza yeye mwenyewe. Wote wawili wamesoma aya hizi na kuzikubali.

Ndipo nikaelewa. Fomu Namba Saba ilibadilishwa mwaka uleule ikawa na visanduku vitatu, na Shemeji akaongeza ukurasa wa pili ambao hatukuwahi kuupenda. Una swali moja tu kwa mchangiaji, kama yeye mwenyewe anataka. Hulijibu akiwa peke yake na Shemeji, mlango umefungwa, ndugu wote wako chini kwa mlinzi. Tuliunung'unikia, tukasema ni urasimu wa wazee, unachelewesha safari. Wachangiaji sitini na wanne wameingia chumba kile. Wengi walisafiri na wapo ambao hawakusafiri, kwa sababu za kila namna ambazo hazituhusu. Niliwahi kumchokonoa juu ya mmoja wao. Shemeji alinituma nikaangalie kama birika limechemka, na ofisi yetu haina birika.

Shemeji, menejimenti na wafanyakazi wote tunakushukuru. Wanakushukuru elfu tatu na ushee uliowasafirisha, na kwa niaba ya wale uliowapokea kwa suti nyeusi wanakushukuru waliowazika kwa majina yao. Nami nakushukuru kwa kosa langu ulilolibeba. Leo nimelichukua, na tafadhali usinibishie mbele ya wageni. Tunakuombea afya tele, usingizi wa mchana, wajukuu wasiokuheshimu kiasi cha kushindwa kukusahihisha, na miaka mingi pamoja na mama mkunga, mke wako wa pekee.

Kuanzia wiki ijayo chumba namba kumi na nne nimepangiwa mimi. Mtu wa kwanza kwenye daftari ni kaka anayetaka kumpa figo dada yake. Nimekuwa nikijizoeza. Swali lenyewe ni jepesi, ukimya unaofuata ndio mgumu. Pumzika, Shemeji. Jumatatu saa tatu nitafunga mlango, nitamuuliza, na sitamsaidia kujibu.